Hodi ya Reko: Wajitoleaji wa Kamina na Deni la Serikali ya Karibu

Mwaka 2017 kinyesi cha watoto wa Haut-Lomami kilisafiri kuliko watu wengi wa jimbo hilo. Kilitoka katika vijiji vya kandokando ya Lualaba, kikafungwa kwenye vichupa, kikatiwa ndani ya sanduku la barafu, kikavushwa kwa mtumbwi, kikapakiwa nyuma ya pikipiki, na mwisho kikapanda ndege kwenda Kinshasa, kwenye maabara ya taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB. Kanuni ya polio haijui huruma ya barabara. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla hutolewa sampuli mbili zinazopishana kwa saa 24 hadi 48, zote ndani ya siku 14 tangu alegee, na barafu isiyeyuke njiani.

Majibu yalikuwa mabaya. Virusi vya polio vya aina ya pili, vile vinavyotokana na chanjo yenyewe, vilikuwa vikizunguka. Havitokei kwa sababu chanjo ni mbovu. Virusi dhaifu vya chanjo ya matone hupita kutoka kwa mtoto hadi mtoto mahali ambapo wengi hawajachanjwa, na vikizunguka muda mrefu hurudia makali yake. Kwa hiyo ugonjwa ule ulikuwa hesabu ya nyumba zilizorukwa. Watoto 22 walithibitishwa kupooza nchini mwaka huo, wengi wao Haut-Lomami na jirani yake Tanganyika, na tarehe 13 Februari 2018 waziri wa afya, Daktari Oly Ilunga Kalenga, akatangaza dharura ya taifa.

Historia ya sanduku lile la barafu huanza kusimuliwa pale muuguzi anapolipokea. Lakini kabla ya muuguzi kuna mtu aliyepita kwenye uwanja wa nyumba, akaona mtoto aliyekuwa anakimbia wiki iliyopita sasa anajiburuta, akamwuliza mama yake maswali mawili matatu, akaenda kutoa habari kituoni. Mara nyingi mtu huyo hakuwa na mshahara. Hakuwa na mkataba. Pengine alikwenda kwa miguu.

Kamina wanamwita reko. Kwa Kifaransa cha ofisini ni mjumbe wa jamii, yaani mkazi wa mtaa au kijiji aliyechaguliwa na wenzake kuwa daraja kati ya nyumba zao na kituo cha afya, na aliyekubali kuifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Jimbo la Haut-Lomami, lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ya zamani ilipogawanywa, lina teritwari tano (Bukama, Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu) na maeneo ya afya 16. Ukitaka kujua serikali inafika wapi katika teritwari hizo, usitazame bendera. Mtazame reko.

Mhadhara huu unawahusu watu hao, na unahusu swali moja ambalo kila tarehe 5 Desemba hufunikwa kwa makofi: kuwashukuru maana yake nini hasa?

*

Tarehe hiyo ilipangwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Desemba 1985, kuwa siku ya kimataifa ya wanaojitolea. Sherehe zake zinafanana karibu kila mahali: fulana, hotuba, picha ya pamoja, fanta. Si vibaya. Mtu aliyetumikia mtaa wake miaka kumi anastahili fanta na zaidi. Ila ukiishia hapo hujaijua kazi yenyewe, na shukrani kwa kazi usiyoijua ni adabu tu.

Basi kazi yenyewe ikoje? Serikali ya Kongo ilianza kufungua vituo vidogo vya matibabu ya kijamii mwaka 2005, kwa ajili ya vijiji vilivyo mbali na kituo cha afya, kwa kawaida zaidi ya kilomita tano, au vilivyotengwa na mto au kinamasi. Huko reko hafanyi uhamasishaji tu. Anatibu watoto wa miezi 2 hadi 59 kwa magonjwa matatu yanayowaua zaidi: malaria, kuhara na nimonia. Mtazame mbele ya mtoto anayekohoa. Hana kifaa cha kusikilizia kifua. Anamwomba mama ampakate mtoto, amfunue kifua, asimnyonyeshe kwanza. Kisha anatulia, macho kwenye tumbo linalopanda na kushuka, na anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka akifika pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, hiyo ni nimonia, na amoksilini inaanza siku hiyohiyo. Kifua kikiwa kinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, reko haanzi ubishi na ugonjwa: anaandika karatasi ya rufaa, na mama anafunga mtoto mgongoni. Mtoto akilia katikati ya hesabu, hesabu imeharibika. Anaanza upya. Dakika moja ya namna hiyo ni ndefu kwa mtu ambaye shamba lake la mihogo linamngoja na mvua imeshaanza.

Mfukoni ana utepe wa kupimia mkono wa juu wa mtoto. Ukisoma chini ya milimita 115, rangi ni nyekundu, na mtoto huyo ana utapiamlo mkali. Ana karatasi za kupima malaria kwa tone la damu, pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na vidonge vya zinki. Au tuseme hivyo ndivyo anavyopaswa kuwa navyo. Sanduku lake hukauka. Dawa husafiri kutoka bohari hadi eneo la afya, kutoka eneo hadi kituo, kutoka kituo hadi kwake, na kila hatua ina pikipiki isiyo na mafuta.

Kule Bukama, Kinkondja, Malemba-Nkulu na Mulongo, kwenye mabwawa na maziwa ya Lualaba, kazi hubadilika sura kipindupindu kinapoamka, na huko kipindupindu hakilali muda mrefu. Wavuvi wa Ziwa Kisale hukaa kwenye kambi zilizojengwa juu ya majani yanayoelea. Choo cha kuchimba hapo ni ndoto. Wajitoleaji husimama ukingoni asubuhi, mahali akina mama wanapochota, na kutia klorini ndani ya kila bidoni ya lita 20 kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Halafu wanarudia sentensi ileile kwa kila mtu: usinywe kwanza, ngoja nusu saa. Wengine husikia. Wengine husema maji yananuka duka la dawa. Kesho yake mjitoleaji yuko palepale.

Kuna pia wagawaji wa dawa ya usubi, ugonjwa unaopofusha, ambao hupita nyumba kwa nyumba na fimbo yenye alama. Mtu anasimama kando ya fimbo, urefu wake unaonyesha idadi ya vidonge. Hakuna mzani, hakuna hesabu ngumu. Mbinu hiyo ilibuniwa makusudi ili mwanakijiji aweze kuisimamia mwenyewe, na mpango wa Afrika dhidi ya usubi, uliodumu kuanzia 1995 hadi 2015, uliegemea mabega ya wanakijiji kama hao nchi baada ya nchi.

*

Anayetaka kuelewa kwa nini neno kujitolea linasikika kwa mashaka katika masikio ya wazee wa Katanga lazima arudi nyuma. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1917 iliwalazimisha wakulima wa Kongo ya Wabelgiji kulima mazao yaliyochaguliwa na utawala, siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita ya Pili ya Dunia siku hizo zikaongezwa hadi 120. Pamba ilivunwa kwa kiboko na faini. Kisha likaja salongo. Katika miaka ya 1970, chini ya Mobutu, raia walitolewa majumbani kufagia barabara, kuzibua mifereji na kulima mashamba ya pamoja, na kuitwa wazalendo kwa kufanya hivyo. Asiyefika alitafutwa. Miji kadhaa ya Kongo imelirudisha salongo la Jumamosi asubuhi, na usafi si jambo baya. Lakini watu wanakumbuka kwamba kuna wakati kazi ya bure iliitwa hiari kwa amri.

Ndiyo maana mjadala wa kuwashukuru mareko haufai kuanza na maneno matamu juu ya moyo wa kutoa. Watawala waliopita walitumia maneno hayohayo. Tofauti kati ya salongo na kujitolea kwa kweli inajulikana kwa mambo ya kawaida kabisa: mtu anaweza kusema hapana bila kuogopa, anayemtuma anamjua kwa jina, alichoahidiwa anakipata, na akichoka, kuna wa kumpokea.

Kwa kipimo hicho, Kamina ina deni.

Haitoshi kusema deni ni la Kinshasa. Sheria ya mwaka 2008 juu ya mamlaka za mitaa iliipa miji, komini, sekta na milki za machifu uhai wao wa kisheria na majukumu yao, na afya ya karibu imo humo. Mji wa Kamina una komini zake, Kamina, Dimayi na Sobongo, kila moja na burgumestre wake, na chini yao kuna machifu wa kartie na wa avenyu. Chifu wa avenyu naye, anayejua nani amehama na nani amezaa, kwa sehemu kubwa anaishi kwa heshima kuliko kwa mshahara. Muundo mzima wa serikali, kadiri unavyoikaribia nyumba ya mtu, unazidi kutegemea watu wasiolipwa. Juu kuna magari. Chini kuna miguu.

Fedha zinatajwa kwenye karatasi. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe kwenye chanzo. Sheria ya uendeshaji huru wa majimbo inaongeza kwamba mamlaka za mitaa zipate asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo. Kwa miaka mingi kilichofika majimboni kimekuwa pungufu ya ahadi hiyo, na kilichoshuka kutoka jimboni hadi komini kimekuwa kidogo zaidi. Burgumestre anayesema hana bajeti ya mareko mara nyingi hasemi uongo. Lakini bajeti si kitu pekee anachoweza kutoa, na hapo tutarudi.

*

Sasa lije jambo ambalo sherehe hulikwepa: primu.

Kampeni ya chanjo ya polio hudumu siku tatu au nne. Timu za watu wawili watatu hupita mlango kwa mlango, zinatia matone mawili mdomoni, zinapaka wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, zinaandika ukutani kwa chaki ni watoto wangapi wamepata na wangapi wamekosekana. Nyumba yenye mtoto aliyekosekana inarudiwa. Kwa siku hizo kuna malipo, ndiyo primu yenyewe: pesa ya chakula, ya usafiri, ya megafoni. Si nyingi, ila ni pesa taslimu katika mji ambao ajira za shirika la reli, SNCC, zilizowalea baba wengi wa Kamina, zimekuwa na historia ndefu ya mishahara iliyochelewa. Kampeni ikiisha, reko anarudi kwenye kazi ya kila wiki, kutembelea wajawazito, kuwafuata watoto walioacha chanjo katikati, kuandika vizazi na vifo, na kazi hiyo hailipwi kitu.

Matokeo yanatabirika. Kazi inayoonekana hulipwa, kazi inayozuia ya kwanza isihitajike hailipwi. Mtoto anayefuatwa mwezi Machi kwa chanjo yake ya kawaida hahitaji dharura mwezi Septemba, lakini Machi hakuna primu. Mtu angesema tumejenga mfumo unaosubiri moto ili ulipe wazimaji. Isitoshe, palipo na primu pana orodha, na palipo na orodha pana shemeji. Malalamiko kwamba timu za kampeni hujazwa ndugu za wakubwa, huku reko aliyechaguliwa na mtaa akiachwa nje, si ya mji mmoja. Yanasikika Kongo nzima. Kwa upande wa malipo tu, hilo ni wizi mdogo. Kwa chanjo ni hatari, kwa sababu mpwa wa mkubwa aliyeletwa kutoka kartie nyingine hajui kwamba nyuma ya nyumba ya tatu kuna kibanda chenye mapacha.

Ujuzi wa namna hiyo ndio mali halisi ya reko. Chukua familia zinazokataa. Katanga ina waumini wa Bapostolo na wa Kitawala, na katika baadhi ya makundi hayo dawa za hospitali hukataliwa kwa sababu za imani. Mgeni mwenye fulana ya kampeni akigonga hapo, mlango unafungwa na mazungumzo yanaisha. Reko wa mtaa anajua baba mkali hutoka saa ngapi, anajua bibi alizika wajukuu wawili kwa surua, anajua mzee gani wa kanisa husikilizwa. Anarudi mara ya pili bila fulana, anaketi, anauliza habari za mavuno. Hakuna kiwango cha primu kinachoweza kununua ukaribu huo kwa siku tatu.

Na surua haikuwa hadithi. Wimbi lililoanza 2018 na kuvimba 2019 liliua zaidi ya watu 7,000 nchini Kongo, wengi mno wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, kabla ya kutangazwa kumalizika Agosti 2020. Ni kipindi hichohicho dunia ilikuwa inatazama Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyoua watu wachache zaidi na kuvuta fedha nyingi zaidi. Serikali ilikuwa imeshazindua Oktoba 2018 mpango wa kufufua chanjo za kawaida, uliopewa jina la Profesa Mashako, na Haut-Lomami ilikuwa kati ya majimbo tisa ya mwanzo. Tarehe 23 Julai 2019, mjini Kinshasa, rais na viongozi wa majimbo wakatia saini tamko la kumaliza polio na kuinua chanjo. Majina yao yameandikwa. Mareko wameandikwa kwa wingi, bila majina.

*

Nchi nyingine zimeshaligusa suala hili, na ni vizuri Kamina ijue zilipofikia, ingawa hakuna hata moja iliyolimaliza.

Mwezi Oktoba 2018, miaka 40 baada ya mkutano wa Alma-Ata uliotangaza afya ya msingi kwa wote, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya wahudumu wa afya ya jamii. Maneno yake ni makavu: wahudumu wanaofanya kazi walipwe fedha inayolingana na uzito wa kazi, wawe na makubaliano ya maandishi yanayotaja haki na wajibu wao. Kenya ilichukua hatua Septemba 2023, pale Rais William Ruto alipowaaga kwenye viwanja vya Uhuru Park wahamasishaji wa afya wapatao laki moja, kila mmoja na mkoba wa vifaa na simu, na ahadi ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Nusu ya kaunti imeleta shida: baadhi zimelipa kwa wakati, nyingine zimelaumiwa kwa kukaa na fedha miezi. Tanzania ilizindua mpango wake Januari 2024, ikilenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Zanzibar, kupitia Jamii ni Afya, imewafikishia wajitoleaji wa Unguja na Pemba simu zinazowaongoza hatua kwa hatua katika ziara za nyumbani. Uganda ina timu zake za afya za vijiji tangu 2001, kwa muda mrefu bila mshahara, na mzozo ni uleule.

Rwanda inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu njia yake haikuanza na mshahara. Wahudumu huchaguliwa na kijiji chenyewe, na wamewekwa katika vyama vya ushirika. Serikali hulipa kwa ushirika kulingana na kazi iliyothibitishwa, na ushirika huwekeza sehemu ya fedha katika kilimo, ufugaji, kinu au nyumba za kupangisha. Mtu mmoja mmoja hapati kingi kila mwezi, ila ana hisa mahali, na ushirika hauondoki naye akistaafu. Kamina, mji wenye ardhi inayokubali mahindi na mihogo, na wenye reli inayouunganisha na Lubumbashi upande wa kusini, Ilebo upande wa magharibi na Kalemie upande wa mashariki, haina sababu ya kuona jambo hilo kuwa la ajabu. Kinu kimoja cha kusagia kinachomilikiwa na mareko wa komini moja kingewapa heshima ambayo fulana haitoi, na mtaa ungepata unga wa bukari karibu.

Wapo wanaopinga malipo kabisa. Hoja yao ni kwamba ukimlipa mjitoleaji umemwua, anakuwa mfanyakazi mwenye njaa kama wengine. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli: ukimlipa mtu kwa kampeni tu, unamfundisha kupenda kampeni. Lakini wenye kuitoa kwa sauti kubwa karibu kila mara wana mshahara, na hakuna anayesema daktari hupoteza wito wake siku ya kulipwa. Kinachouchosha moyo wa kujitolea Haut-Lomami si pesa. Ni ahadi ya pesa isiyofika, na jina linalobadilishwa kwenye orodha usiku wa kuamkia kampeni.

*

Malipo kwa simu yameanza kutumika katika kampeni za Kongo, na ni hatua nzuri, kwa kuwa fedha hazipiti tena kwenye mikono mitano. Ila tazama masharti yake. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, na kwa Wakongo wengi kitambulisho ni kadi ya mpiga kura. Mama aliyepoteza kadi yake hutumia laini ya mumewe au ya kaka. Siku ya malipo fedha zinaingia kwenye simu isiyo yake. Vijiji vya Kinda au Kayamba vina mahali ambapo mtandao hupatikana juu ya kichuguu fulani tu. Kwa hiyo kabla ya kutuma fedha lazima kuwe na daftari: nani ni reko wa avenyu gani, tangu lini, amefunzwa nini, namba yake ni ipi na ni yake kweli.

Daftari hilo halihitaji asilimia 40 ya Kinshasa. Linahitaji karani mmoja, kalamu, na burgumestre anayeweka mhuri. Komini ikiwa na orodha yake, iliyobandikwa ubaoni ambapo mtaa mzima unaisoma, shemeji hawezi kuingia kimyakimya. Ikiwa daktari mkuu wa eneo la afya analeta kampeni, anachukua majina hapo. Reko anapofariki, chifu wa avenyu anajua ni msiba wa komini, na mchango wa jeneza unatoka mahali panapojulikana.

Vivyo hivyo matibabu. Reko anayewapeleka watoto wa wenzake kituoni mara nyingi hulipa karatasi na dawa anapompeleka wa kwake. Kamati ya maendeleo ya afya ya kila kituo, ile CODESA ambamo mareko wenyewe wana viti, ina uwezo wa kupitisha kwamba reko anayefanya kazi na watoto wake watibiwe bila malipo. Kituo kitapoteza mapato kidogo. Kitapata mtu ambaye hatafuti sababu ya kuacha.

Halafu kuna vijana. Wapo mareko waliomaliza sekondari na ambao, baada ya miaka mitatu ya kuhesabu pumzi na kusoma tepe, wanajua zaidi juu ya mtoto mgonjwa kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi. Shule za uuguzi za jimbo, na Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kamina, zingeweza kuitambua miaka hiyo wakati wa kupokea wanafunzi. Barua ya komini inayosema huyu alitumikia kartie yetu, kwa saini na mhuri, ina thamani katika nchi ambayo cheti hufungua milango. Leo mareko wengi wanaondoka kazini bila hata kipande cha karatasi. Kwa wanawake, ambao hubeba sehemu kubwa ya ziara za nyumbani huku wanaume wakionekana zaidi siku za primu, barua hiyo ingekuwa hati ya kwanza ya kazi iliyoandikwa jina lao.

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa mwaka wa kimataifa wa wanaojitolea kwa maendeleo endelevu, na bila shaka kutakuwa na mabango. Kalenda ya Haut-Lomami ina tarehe nyingine zenye faida kuliko mabango. Kikao cha pili cha bunge la jimbo, ambacho ndicho cha bajeti, hufunguliwa tarehe 30 Septemba na kufungwa mwishoni mwa Desemba. Siku ya wanaojitolea huangukia ndani yake, wakati wabunge bado wana kalamu mkononi. Mstari mmoja katika bajeti hiyo, hata mdogo, wenye jina la mareko wa maeneo 16 ya afya na kiasi kinachoweza kudaiwa, ungesomwa kwa sauti ukumbini, ungepigiwa kura, na mwaka unaofuata mtu angekuwa na haki ya kuuliza fedha zilienda wapi. Komini za Kamina, Dimayi na Sobongo zikipeleka madaftari yao kabla ya Septemba kwisha, wabunge hawatasema hawajui idadi.